DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 18: Mtoto wa miaka 13 na mlinzi aliyeachiwa



Ndugu zangu wa Kitandililo, na nyote mnaosoma hapa kutoka Makambako mjini, Njombe na kwingineko, tumshukuru Allah aliyetufikisha siku ya 18. Kumi la mwisho linabisha hodi.

Jana baada ya tarawehe ndugu yetu mmoja alinisubiri nje ya msikiti. Ana watoto wawili wadogo, ana shamba la parachichi, na ana miti ya mbao aliyoipanda mwaka aliozaliwa mkubwa wake. Aliniuliza kitu ambacho naamini wengi wetu tunakiwaza ila hatukisemi. Kwamba sharia imeshagawa mirathi, kila mrithi fungu lake linajulikana, sasa wosia wa nini tena? Si ni kama kujichimbia kaburi?

Sikumjibu vizuri, kulikuwa na baridi na watu walikuwa wanaondoka. Leo namjibu yeye na wewe, kwa kukusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake unalijua tangu darasani. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Shuleni tulifundishwa habari zake za karafuu na misafara. Leo tuanze nyuma zaidi, alipokuwa mtoto.

*Baba anasafiri*

Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, ndiye aliyekuwa akitawala Maskati. Mwaka 1804 baba huyu alikuwa na safari ya kwenda Basra, kwa bahari. Watoto wake wawili, Salim na Said, walikuwa bado wadogo. Said alikuwa na miaka 13 tu.

Sasa angalia alichokifanya kabla ya kuondoka. Hakusema nitarudi tu. Alimteua mtu, Muhammad bin Nasir al-Jabri, awe msimamizi wa mambo yake na mlinzi wa wanawe wawili. Kwa lugha yetu ya madrasa, alimfanya wasii. Watu walimjua kwa jina na walijua amekabidhiwa nini.

Baba hakurudi. Mwezi wa 11 mwaka huo huo, njiani akirejea, alivamiwa baharini na kuuawa. Habari zikafika Maskati. Watoto wakawa hawana baba.

Hebu simama hapo kidogo, ndugu msomaji. Fikiria nyumba yako siku habari kama hiyo inapofika. Wewe na mimi tunaishi kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, tunajua malori, tunajua bodaboda. Mkoa wetu wa Njombe, kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, ulikuwa wa kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa yatima ni nani. Wengi wetu tumekua na yatima kwenye sahani moja, na wengine yatima ni sisi wenyewe.

*Wa kwanza kufika ni ndugu*

Unadhani nani alikuwa wa kwanza kuinuka dhidi ya watoto wale? Adui wa ng'ambo? Hapana. Alikuwa ndugu wa baba yao, Qais bin Ahmad, aliyetawala mji wa Suhar. Mwanzoni mwa mwaka 1805 alishuka na watu wake kufuata pwani, pamoja na ndugu mwingine wa marehemu. Akautwaa mji wa Matrah kwa urahisi, kisha akaizingira Maskati yenyewe. Baba zao wadogo na wakubwa, kama tunavyowaita sisi huku, walikuja na silaha kuchukua alichoacha ndugu yao.

Yule wasii, Muhammad bin Nasir, alijaribu kumpa Qais mali ili aondoke. Haikusaidia. Peke yake hakuwa na nguvu. Katika simulizi za ukoo ule anatajwa pia shangazi wa watoto, Bi Moza binti Ahmad, mwanamke shujaa aliyesimama imara kwa ajili ya watoto wa kaka yake wakati wanaume wa ukoo walipokuwa wanavutana. Weka jina lake moyoni, tutarudi kwake.

Basi wasii akaomba msaada. Akamwita Badr bin Saif, binamu wa watoto wale. Badr akaja, akapigana, na Qais akalazimika kurudi Suhar. Watu wakapumua. Lakini Badr hakuondoka. Mtu aliyeitwa kuja kulinda nyumba akakaa kitini. Yeye ndiye akawa mtawala hasa, na wale watoto aliokuja kuwatetea akawapeleka pembeni, Salim akapewa mji wa Masna'a na Said akapewa Barka, wawe mbali.

Jamani, si hadithi ya Oman tu hii. Ni mara ngapi tumeona mtu anaingia kwenye nyumba ya marehemu kwa jina la kusaidia? Anakuja na gunia la mahindi, analia kuliko wafiwa, anasema watoto hawa ni wangu sasa. Baada ya misimu miwili ndiye anayevuna parachichi, na watoto wanaomba ada ya shule kwake kama wanaomba sadaka, kumbe ni mali yao. Na mara nyingi hakuja na nia mbaya! Alikuja kusaidia kweli. Ila hapakuwa na andiko la kumwambia mwisho wa kazi yake ni wapi.

*Miaka 15*

Mwaka 1806 Said alimvuta Badr mpaka Barka, na huko Badr akauawa. Wasimulizi wanatofautiana namna ilivyokuwa, lakini wanakubaliana kwamba Said mwenyewe ndiye aliyepiga pigo la kwanza, na wafuasi wake wakamaliza. Alikuwa na miaka 15.

Wapo wanaoisimulia habari hii kwa sifa, kijana jasiri amerudisha haki ya baba yake. Mimi nakuomba uisome kama mzazi. Mtoto wa miaka 15, umri wa kijana wa kidato cha pili au cha tatu, ameshika jambia dhidi ya binamu yake kwa sababu watu wazima wameshindwa kumlinda bila damu. Na baadaye, kwa kuhofia kisasi cha washirika wa Badr, alimtupia lawama ya mauaji yale wasii wake, Muhammad bin Nasir. Yule yule aliyeachiwa na baba! Mtoto akilelewa katika hofu, hofu inakuwa mwalimu wake, na haimfundishi shukrani.

Je, wosia wa baba haukufaa kitu? Ulifaa, tena sana. Kama Sultan bin Ahmad asingemtaja mtu, Qais angeingia Maskati na hapangekuwa na yeyote mwenye haki ya kumzuia mlangoni. Wosia uliwanunulia watoto muda, na muda ndio uliowaokoa. Lakini ulikuwa na mapengo. Aliyetajwa alikuwa mmoja tu, na alipozidiwa, ilibidi aokote msaidizi njiani. Na ndugu wa baba hawakufungwa na ahadi yoyote wakati baba yuko hai.

*Anakuwa mtawala*

Said alitawala miaka 50, ile ya mwanzo akiwa pamoja na kaka yake Salim, ambaye alifariki mwaka 1821. Katika miaka ya 1830 na 1840 alihamishia makao yake Zanzibar. Akahimiza upandaji wa mikarafuu, akafanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1840 jahazi lake kubwa liitwalo Sultana lilitia nanga New York.

Hatumsimulii kama walii. Utajiri ule ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya migongo ya watumwa waliotolewa bara, na sisi wa bara tunajua hao walikuwa mababu wa nani. Kulikuwa na mayatima wengi waliotengenezwa na misafara ile, na hakuna aliyewaandikia wosia. Allah ndiye hakimu. Sisi leo tunachukua funzo moja tu kutoka kwake, jambo la mtu aliyeonja kuachwa akiwa mdogo. Je, yeye mwenyewe aliwaachaje wanawe?

*Mbao za jeneza*

Alijitahidi, tusimnyime haki yake. Mwaka 1844 aliiandikia serikali ya Uingereza kwamba baada yake, mwanawe Khalid atashika upande wa Afrika na mwanawe Thuwaini atashika Oman. Jambo liliandikwa na majina yakatajwa. Vizuri.

Lakini mwaka 1854 Khalid akafariki, baba yake akiwa bado hai. Said akamweka mwanawe mwingine, Majid, kuongoza Zanzibar. Ila hakuacha andiko jipya la wazi ambalo ndugu wote wangelikubali. Andiko la zamani lilikuwa na jina la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Mwaka 1856 alikuwa Oman, akapanda meli kurudi Zanzibar. Binti yake, Salme, ambaye baadaye aliandika kitabu cha kumbukumbu zake, anasimulia kwamba baba yake aliagiza mbao za jeneza zipakiwe melini, ili akifa njiani asitupwe baharini. Alihisi. Na kweli, mwezi wa 10 mwaka huo alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye melini, akauleta mwili Zanzibar, ukazikwa usiku, huku akijaribu kuutwaa utawala kabla Majid hajajua.

Ndugu yangu, hili ndilo lililonifanya nichague kisa hiki. Mtu alikumbuka mbao za jeneza lake, akakumbuka mwili wake ulale wapi. Lakini jambo lililowahusu walio hai lilibaki na jina la marehemu. Na sisi tuko hivyo hivyo. Tuna chama cha kuzikana, tunachanga kila mwezi, sanda ipo, usafiri upo, mchele wa msibani upo. Maandalizi ya siku moja tumeyakamilisha. Je, ya miaka 15 ambayo mtoto ataishi baada ya siku ile?

Kilichofuata ni ugomvi wa ndugu. Thuwaini alidai vyote, na akaandaa majeshi ya kuja Zanzibar, Waingereza wakamrudisha njiani. Mwaka 1859 Barghash alimwasi Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 jambo likaamuliwa na mtu wa mbali kabisa, Lord Canning, gavana wa Waingereza huko India. Nchi zikatenganishwa, na Zanzibar ikatakiwa kuilipa Maskati riali 40,000 kila mwaka. Ndugu wakishindwa kukubaliana na baba hakuacha neno lililo wazi, mgeni ndiye anayeamua. Huko kwao alikuwa gavana, huku kwetu ni mahakama na gharama zake, na mara nyingine dalali.

*Binti wa miaka 12*

Lakini utawala si jambo letu, sisi hatuna visiwa vya kurithisha. Tumtazame Salme. Baba alipofariki alikuwa na miaka 12. Kwa maelezo yake mwenyewe, alihesabiwa kuwa mtu mzima, akakabidhiwa fungu lake, shamba lenye nyumba na fedha nyingi. Kila kitu kilitoka kama hesabu ya mirathi inavyotaka. Hakuna aliyemdhulumu fungu lake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1859, mama yake akafariki kwa kipindupindu. Salme sasa ana miaka 15, hana baba, hana mama, ana mali. Mwaka ule ule ndugu zake wakubwa wakamwingiza kwenye uasi wa Barghash. Alikuwa anajua kuandika, jambo lililokuwa adimu kwa mabinti wa wakati ule, basi wakamfanya karani wa njama zao. Yeye ndiye aliyeandika barua. Uasi uliposhindwa akabaki mpweke, ametengwa na nusu ya ndugu zake, na katika kitabu chake anaonyesha majuto kwa jambo lile.

Maisha yake ya baadaye mnayajua wengine. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, akabadili dini, akaishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, na watoto watatu wakaachwa wadogo, mkubwa akiwa na miaka 2. Babu yao alibaki bila baba akiwa na miaka 13, mama yao akiwa na miaka 12, na wao hawakujua hata sura ya baba yao. Vizazi vitatu, ndugu zangu, na havikukosa mali.

Sasa namrudia ndugu yangu wa jana. Ni kweli sharia imegawa fungu la mtoto wako, na huwezi kuliongeza wala kulipunguza. Wosia wako haumpi mtoto urithi. Urithi kapewa na Allah. Wosia unampa mtoto *mlinzi wa urithi wake*. Said alipata mlinzi mmoja ambaye hakutosha. Salme alipata fungu lake kamili, na katika mwaka aliomhitaji mtu wa kusimama mbele yake, waliofika kwanza ni wenye haja naye.

*Sharia inasemaje, na nchi inasemaje*

Nakuandikia kwa ufupi, haya ndiyo watu huyakosea.

Kwanza, kulea na kushika mali ni vitu viwili. Mtoto mdogo hukaa na kulelewa na mama yake. Lakini usimamizi wa mali ya mtoto, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni wa baba, kisha babu mzaa baba, kisha yule aliyeusiwa na wa mwisho kati yao, kisha kadhi au hakimu. Umemwona baba mdogo hapo? Hayumo. Ndugu wa baba hawi msimamizi wa mali ya mtoto kwa sababu tu ni ndugu wa baba. Akitaka kuishika, aitwe kwa wosia au ateuliwe na hakimu. Qais hakuwa na haki ile Maskati, na hana haki ile Kitandililo.

Pili, wasii anaweza kuwa mwanamke. Wanazuoni wetu wamesema mama wa watoto, akiwa na sifa zinazotakiwa, anastahili kuliko wengine. Sifa zenyewe ni Uislamu, utu uzima, akili timamu, uaminifu na uwezo wa kazi. Kumbuka Bi Moza. Kwenye vikao vya ukoo nilivyokaa mimi, mara nyingi mama wa watoto hukaa pembeni na kanga yake, anaulizwa mwisho au haulizwi kabisa. Ukimwandika wewe mumewe, hakuna atakayemruka.

Tatu, Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wosia wake kuwa umeandikwa. Hakusema mzee. Hakusema mgonjwa. Katika Surat An-Nisaa, Allah anawataka walinzi wa yatima wawapime watoto mpaka wanapofikia umri, na wakiona kwao busara ya kutunza mali ndipo wawakabidhi, na wakikabidhi waweke mashahidi. Angalia, balehe peke yake haitoshi, inatakiwa busara. Na katika sura hiyo hiyo mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma ameonywa kwamba anakula moto tumboni mwake. Baba mdogo unayesoma hapa, hili linakuhusu, nami linanihusu.

Nne, serikali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza kumnyima mtoto kufaidika na mali ya mzazi wake aliyefariki. Mirathi ya kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na hata msimamizi uliyemtaja kwenye wosia atapita pale kuthibitishwa. Wosia unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA. Usiuweke kabatini ambako atakayeufungua ni yule yule anayefaidika ukipotea.

*Kazi ya leo*

Usiku wa leo, baada ya futari, kabla simu haijakuchukua, chukua daftari. Andika haya.

1. Madeni yako na unachodai. Deni hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata shilingi.

2. Mali ulizonazo na zilipo. Shamba, kiwanja na karatasi zake, miti na mwaka ulioipanda, fedha za kwenye simu, kikundi cha kuweka na kukopa. Miti ya mbao ina hatari yake. Inakua taratibu pamoja na mtoto, na asipotajwa mlinzi inakatwa ikiwa michanga kwa jina la kulipia msiba.

3. Jina la wasii wa watoto. Kisha jina la pili, kama wa kwanza amefariki, amehama au amezidiwa. Muhammad bin Nasir angekuwa na mwenzake aliyetajwa, pengine Badr asingeitwa.

4. Mwisho wa kazi yake. Akabidhi lini, na nani amkague kila mwaka. Msimamizi mwaminifu hachukii kukaguliwa.

5. Mashahidi wawili waadilifu, wasio warithi.

6. Tarehe. Na kila Ramadhani uifungue karatasi hiyo uisome upya. Ukikuta jina la Khalid, yaani la mtu ambaye hayupo tena, libadilishe mwaka huo huo.

Ukitaka kutoa wosia wa mali kwa asiye mrithi, msikiti, madrasa au mjukuu asiyerithi, usivuke theluthi moja.

Na kabla hujaandika jina la mtu, mwendee. Mkae chini, umuulize kama ataubeba mzigo huo. Akikataa, mshukuru, amekuwa mkweli. Akikubali, waite ndugu zako wa kiume, uwaambie mbele yake na mbele ya mama watoto. Litakuwa zito siku hiyo, watakuuliza kama unaumwa. Waambie huumwi. Sultan bin Ahmad naye hakuwa mgonjwa alipopanda chombo kwenda Basra.

Ndugu yangu wa jana, najua unaona kama unajichimbia kaburi. Kaburi limeshapangwa, halingoji kalamu yako. Unachokiandika ni miaka ya mtoto wako baada yako, ada yake, shamba lake, na mtu mmoja anayejua kwamba aliahidi.

Ambaye hajui kuandika, au hajui aanzie wapi, aje baada ya swala ya alasiri siku yoyote wiki hii. Tutakaa pamoja, akina mama pia, na hakuna atakayesomewa mambo yake mbele ya watu. Nami nakiri kwenu, karatasi yangu mwenyewe mara ya mwisho niliiandika kabla mtoto wangu wa mwisho hajazaliwa. Jina lake halimo. Leo usiku naanza na hilo.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watoto wetu tukiwepo na tusipokuwepo. Wape walinzi wanaokuogopa. Wasamehe baba zetu na mama zetu waliotangulia, na utukubalie funga zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.